Dakika Kumi na Moja, Barabara ya Kumi na Sita

Alikuja na ndala moja.
Ya pili, tulijua baadaye, ilibaki kwenye tope
la mfereji, mtaa wa nyuma.
Pindoni mwa kanga, noti zimeloa jasho:
laki mbili na themanini, hela ya kikoba,
na mtunza sanduku ni yeye.

"Tuma," akasema Mama Hoza. Hakusalimu.
Tanga hii mtu asiposalimu
kuna maiti au kuna moto.

Gari limepinduka Segera. Hoza yumo.
Daktari kapiga, anataka hela ya damu
kabla ya saa nane na nusu.
Saa yangu ya ukutani ilisema nane na dakika kumi na tisa,
na saa ile huwa inachelewa.

Mimi ni wakala. Nina meza, wavu, simu tatu
na kovu lisiloonekana:
Ramadhani iliyopita sauti laini ilinililia simuni,
mtaji wote ukaondoka kabla ya futari.
Tangu hapo nikisikia mtu analia
naipapasa droo kwanza.

"Tuulize kidogo," nikamwambia.

Tukampigia Hoza. Hapatikani.
Unaona? akasema yeye.
Unaona? nikasema mimi, kimoyomoyo.
Mwanamke yuleyule mpole wa mtandao,
kila mmoja kamsikia kwa sikio lake.

Shekue wa viatu akaleta picha kutoka kundi la mtaa:
basi la kijani, matairi juu.
Hoza alipanda la kijani? Mama akasema ndiyo
swali halijaisha.
Mimi nikaona mahindi kando ya lami, marefu, yamebeba,
na ya mwaka huu bado hayajafika magotini.
Picha ya zamani! Nikafurahi.
Mungu anisamehe, nilifurahi kama aliyeokota shilingi,
basi zima limelala chali kiganjani mwangu
na mimi nahesabu mahindi.

Muuza chapati ana binamu Korogwe. Akapigiwa.
Binamu amesikia kitu, hajui kitu gani.
Fundi cherehani: hospitali haziombi hela kwa simu.
Mwingine: huomba, mbona shemeji yangu aliombwa.
Kila jipya lililoletwa lilikuwa ukuni,
na pale mezani palikuwa na majiko mawili.

Nane na dakika ishirini na sita. Simu yake ikalia.
"Mama, tunampoteza."
Nikamnong'oneza: muulize kovu la mtoto liko wapi.
Akauliza.
Kimya. Ndani ya kile kimya, jogoo akawika.
Jogoo, wodini?
"Mama, unataka nimfunue mashuka au nimtibu?"

Jibu zuri. Ningekuwa tapeli ningelijibu hivyo.
Ningekuwa daktari, vilevile.

Akanitazama kupitia wavu.
"Ukiwa sahihi wewe, nimepoteza hela.
Nikiwa sahihi mimi..."
Hakuimalizia. Nami sijaona hesabu
ya kuimalizia.

Nikaandika namba. Jina likatokea: ESTA MNDOLWA.
Daktari alikuwa na sauti ya kiume.
Tuliliona wote wawili, tukalisoma hadi herufi ya mwisho.
Nikabonyeza moja. Ndiyo.

Saa kumi na moja Hoza akapiga. Chaji iliisha,
yuko Muheza anamenya chungwa,
kuna nini, mbona simu ishirini na mbili?
Mama akacheka mpaka akakaa chini,
mguu mmoja mtupu.

Mtaa ukanisifu: wewe ulijua!
Sikujua. Aliyeumwa na nyoka
akiona ung'ongo hushtuka,
na safari hii ung'ongo ulitokea kuwa nyoka, basi.

Kila Ijumaa anapita na elfu tano za kurudisha kikobani.
Sijamuuliza kama anajuta.
Jana kaja kijana, midomo imekauka,
baba yake yuko Handeni, anasema, tuma, tuma.
Nikaitazama saa. Nikaitazama droo.
Nikamsogezea kiti kwanza.